MBWA WA MLANGONI NA PAKA WA JIKONI: HAKI ZAO JUU YETU

Hotuba ya Ijumaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba kila chenye roho na akakiwekea riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, baba zangu, mama zangu na vijana, ninajiusia nafsi yangu kabla yenu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nitasema juu ya jambo ambalo wengine watashangaa kulisikia kwenye mimbari. Nitasema juu ya mbwa, na paka pia, lakini hasa mbwa.

Sote tunajua namna tunavyoishi hapa Bukavu. Usiku ukiingia, Kadutu, Panzi, Bagira, hata Nguba na Muhumba kwenye parseli za kuta ndefu, mtu halali vizuri kabla ya kumsikia mbwa wake. Mwenye pesa ana zamu na mbwa. Asiye na pesa ana mbwa peke yake. Vita na wezi wenye bunduki ndivyo vilivyotufikisha hapo. Basi mbwa wako katika nyumba za Waislamu, tusidanganyane. Swali ni namna tunavyokaa nao.

Wako wanaosema: mbwa ni najisi, basi mambo yake hayanihusu. Ndugu yangu, umechukua nusu ya elimu ukaacha nusu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba kinaoshwa mara 7, moja yake kwa udongo. Imam Malik yeye aliona mbwa ni tohara. Na Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini aliwatoa katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Imam Nawawi, kwa kupima juu ya hayo, aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mbwa wa kulinda nyumba naye anaruhusiwa. Sasa, ukishamfuga kwa ruhusa hiyo, wapi ulisoma kwamba unaweza kumshindisha na njaa? Katika sura ya Al-Kahf wametajwa vijana wa pangoni, na mbwa wao akatajwa pamoja nao, yuko mlangoni analinda. Na mnakijua kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mwenyezi Mungu alimsamehe. Masahaba waliuliza kama kuna malipo hata kwa wanyama, wakajibiwa kwamba yapo kwa kila kiumbe chenye uhai.

Mimi niliyesimama hapa nilikuwa na mbwa. Nilimfunga mnyororo penye mlango akiwa angali mdogo. Chakula chake kilikuwa bugali ya jana, tulipokumbuka. Maji, siku nyingine hakupata. Chanjo sikumpeleka hata mara moja. Nilikuwa nikisema, mimi mtu wa sala, nitapitaje njiani nimeshika mbwa mpaka kwa veterineri, watu watasema nini? Watoto wetu wakitoka madrasa walimtupia mawe, nami nilinyamaza. Siku moja mnyororo ulikatika. Alimuuma mguuni mtoto wa jirani, wa miaka 7, aliyetumwa kununua makala. Watu walimuua mbwa kwa mawe saa ile ile, wakamtupa. Basi hakuna tena aliyeweza kujua kama alikuwa mgonjwa ao hapana, maana mbwa anayeonekana mzima akifungwa na kuangaliwa siku 10, ukweli hujulikana.

Baba wa mtoto pamoja nami tulizunguka. Kituo cha kwanza chanjo hakuna. Cha pili hakuna. Tulipoipata, nililipa kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa masomo ya watoto wangu. Mtoto hakuugua, alhamdulillahi. Lakini kwa miezi mingi nilimwona mama yake, kila mtoto aliposhika kikombe cha maji, anamtazama kooni. Nilijua anatafuta nini. Hakuwahi kunitukana. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Alichokiogopa mama yule ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate, huingia kwa jeraha, hupanda polepole kwa mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Mara nyingi huchukua miezi 1 mpaka 3 kabla ya kuonekana, na mara nyingine zaidi ya mwaka. Ukishaonekana, mtu anashindwa kumeza, anaogopa maji, na karibu hakuna anayepona. Ulimwenguni hukadiriwa kwamba unaua watu wapata 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wanaoumwa ni hasa watoto. Karibu wote wanaupata kwa mbwa.

Kwa hiyo sikilizeni sana hapa. Mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo tu, oshesha jeraha saa hiyo hiyo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Wale waliosoma fikihi wasichanganye: udongo ni wa chombo, si wa kidonda. Usitie udongo, wala pilipili, wala mafuta ya gari. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote atakazoandikiwa azimalize. Kusomewa dua ni kuzuri, tumsomee njiani tukienda.

Lakini dawa iliyo bora iko kwa mbwa mwenyewe. Anachanjwa akiwa na miezi 3, halafu anarudiliwa kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Na msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Kisiwa cha Pemba, karibu wakaaji wake wote ni Waislamu. Kichaa cha mbwa kilikuwa kinazunguka huko mwaka 2010. Walichanja mbwa kisiwa kizima, mwaka kwa mwaka, na kufika mwezi wa tano 2014 kilikuwa kimekwisha. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena. Wakarudia kuchanja, ukakatika mwezi wa kumi 2018. Watu wa sala kama sisi walishika mbwa wao kwa kamba, wakawapeleka, wakarudi nyumbani wakaosha mikono na nguo, wakasali.

Paka nitasema kwa ufupi, maana wengi mnampenda. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu ili anywe, akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alisema huyu si najisi. Lakini mjue pia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie. Vichwa vya sambaza unavyotupa vinamtosha. Ukiweka sumu ya panya nyumbani, paka anakula panya yule naye anakufa. Naye paka achanjwe, kwa kuwa akiumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kutuletea ugonjwa ule ule. Na vile vitoto vya paka vinavyofungwa ndani ya mfuko na kutupwa ziwani, aliyefanya hivyo atubu.

Hotuba ya pili

Alhamdulillah. Baada ya sala, kila mwenye mbwa abaki nje penye ukuta, asione haya. Tutaandika hesabu ya mbwa kwa kila avenyu, bila kuuliza nani ni Mwislamu na nani si Mwislamu, maana mbwa haulizi kabla ya kuuma. Wakiwa wengi, veterineri atakuja mara moja na gharama itagawanywa. Asiyeweza kulipa aniambie mimi pembeni. Walimu wa madrasa, wakatazeni watoto mawe kuanzia leo. Na kila mmoja akifika nyumbani aangalie sahani ya maji ya mbwa wake kama ina maji.

Ee Mwenyezi Mungu, walinde watoto wetu, utupe amani katika mji huu, na utusamehe tuliyowafanyia viumbe vyako visivyoweza kusema. Amin. Simamisheni sala.