Kumcheka Anayehudumu

Tamthilia ya vichekesho inayomweka mhudumu wa karamu katikati ya kisa huzua swali ambalo dini na falsafa zimelishika tangu zamani: je, ni haki kumcheka mtu aliye kazini akikutumikia? Mfano unaojulikana zaidi ni Party Down ya Marekani, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha Starz mwaka 2009. Kila kipindi kinawapeleka wahudumu walewale kwenye shughuli nyingine huko Los Angeles, wamevaa mashati meupe na tai za kipepeo za rangi ya waridi. Wengi wao walifika mjini wakitaka kuigiza au kuandika filamu. Henry Pollard, aliyewahi kutokea kwenye tangazo la bia, ameshakata tamaa na uigizaji, lakini wageni bado wanamtambua na kumtaka arudie maneno ya tangazo lile huku sinia iko mkononi. Wahakiki wengi waliisifu kazi hiyo, na Taasisi ya Filamu ya Marekani iliitia katika orodha yake ya vipindi kumi bora vya mwaka. Watazamaji walikuwa wachache mno, ikasimamishwa mwaka 2010 baada ya misimu miwili. Jina lake likaendelea kukua hata haipo hewani, mpaka ikarudi kwa msimu wa tatu mwaka 2023.

Sifa hizo zinaeleweka mtu akiangalia kamera imesimama wapi. Imesimama upande wa anayepakua chakula, na kutoka hapo wageni ndio wanaoonekana vituko: wanavyojisifu, wanavyogombana, wanavyomzungumzia mhudumu kana kwamba hasikii.

Afrika Mashariki ina kisa cha karibu na hicho. Papa Shirandula, kilichoanza kuonyeshwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2007, kilikuwa juu ya mlinzi wa lango anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayoifanya. Charles Bukeko alimwigiza mlinzi huyo hadi alipofariki kwa Covid-19 mwezi Julai 2020. Kwa zaidi ya miaka kumi kipindi kilipendwa mno, na msingi wake wote ulikuwa aibu ya sare. Mtu analisha nyumba yake kwa kazi halali, lakini anaona ni afadhali aseme uongo kuliko mkewe ajue. Kicheko kikiishia kwa Papa peke yake, ni ukatili. Kikifika kwa jamii iliyomfundisha kuionea haya kazi hiyo, kimefika mahali pake.

Katika Mafubira, kaskazini mwa mji wa Jinja nchini Uganda, kazi ya karamu inaonekana kila msimu wa harusi. Jirani yake ni Bugembe, palipo Kanisa Kuu la Kristo, ambamo Kyabazinga (mfalme wa Busoga) William Gabula Nadiope IV alimwoa Jovia Mutesi tarehe 18 Novemba 2023. Shughuli kubwa kama hiyo, na hata ndogo ya chini ya mahema mawili, husimama juu ya mikono ambayo hotuba haziitaji. Vijana wanapita na birika na beseni, kiti kwa kiti, wageni wakinawa. Kisha mshereheshaji anaita hema moja moja kwenye foleni ya chakula. Kwenye matooke na wali hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye nyama, na aliyepewa kijiko cha nyama ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Kila sahani ina kipande chake. Mzee mwenye heshima anasukuma sahani mbele mara ya pili. Nyuma yake wapo watu mia hawajapakua. Kijana huyo lazima akatae bila kuonekana amekataa, na atabasamu. Wenye kuandika vichekesho wakitaka kisa, kipo pale, tena hakihitaji kuongezwa chumvi.

Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1651, alisema kicheko ni fahari ya ghafla inayompata mtu aonapo upungufu wa mwingine. Kama ndivyo, kumcheka mhudumu ni kujipandisha juu ya mgongo wake. Qurani, katika sura ya 49, inakataza watu kuwadhihaki wenzao, kwa kuwa wanaodhihakiwa huenda wakawa bora kuliko wanaodhihaki. Katazo hilo halifungi kila kicheko. Linafunga kile kinachomshusha mtu, na sababu yake ni nzito: anayecheka hajui cheo cha mwenzake mbele ya Mungu.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, mwaka 1943, alimtumia mhudumu wa mkahawa kuelezea kujidanganya. Mhudumu huyo ana mwendo wa haraka kupita kiasi, anainama kwa bidii iliyozidi. Anaigiza kuwa mhudumu, kana kwamba hana nafsi nyingine. Hoja hiyo ina nguvu, lakini imeandikwa kutoka kwenye kiti cha mteja. Kijana wa kijiko cha nyama anajua vizuri kwamba yeye si kijiko. Tabasamu lake ni sehemu ya kazi, na analipwa kwa hilo. Anayejidanganya zaidi ni mgeni anayedhani tabasamu lile ndilo nafsi yote ya mhudumu. Hapo Party Down inamzidi Sartre, kwa sababu inamfuata mhudumu hadi nyuma ya jiko, anakovua uso wa kazi na kusema anachofikiri.

Busoga inaongeza jambo ambalo mkahawa wa Sartre haukuwa nalo. Msichana anayepiga magoti nyumbani akimkaribisha mgeni chakula hajishushi: goti lile ni adabu, na mgeni anawiwa heshima kwa malipo yake. Goti hilohilo likihamia kwenye karamu ya kulipia, mgeni aweza kulichukua kama kitu alichonunua, akasahau deni. Dini zote mbili kubwa za Jinja zinalikumbusha deni hilo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 13, Yesu anainuka mezani na kuwaosha wanafunzi miguu, naye ndiye mkuu wao. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume anaelekeza kwamba mtumishi akileta chakula, mwenye nyumba amketishe wale pamoja, au walau ampe tonge moja au mawili, maana yeye ndiye aliyevumilia joto la kukipika.

Kwa kipimo hicho, vichekesho vingi vya kanda hii bado vina kasoro. Mlinzi, yaya na mpishi mara nyingi huchekesha kwa lafudhi ya kabila lao tu. Lafudhi haikuchaguliwa na mwenyewe, na kuicheka hakumfundishi mtazamaji lolote juu ya kazi ya mtu huyo wala juu ya wanaomtuma. Mwandishi anayempa mhudumu macho yake mwenyewe, hasira yake na hesabu zake za mshahara anaweza kumchekesha hata mhudumu aliyekaa kutazama baada ya zamu, na huyo ndiye mhakiki mwenye haki ya kwanza ya kusema kama kipindi kimefaulu.