Mji Uliotulea Unatudai

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini ni kuanzia mwaka 2016 ndipo familia nyingi za watumishi wa umma zilipofunga mizigo kweli. Watoto walioondoka Temeke na Kinondoni wakiwa migongoni mwa mama zao, leo wako darasani Dodoma, na Dar es Salaam kwao ni mji wa kusimuliwa. Tangu treni ya SGR ianze safari kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024, likizo ikifika wazazi wengi huwaambia watoto wao: twendeni mkaone tulikokuwa tukiishi. Familia yangu ni miongoni mwao.

Vya kuona ni vingi, na ni haki ya watoto kuviona. Pale Kijitonyama kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimesimama katika eneo moja. Kuna Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Kabla yake, mtu wa Temeke aliyetaka kuvuka bahari alitegemea pantoni au alizunguka mbali. Kuna Uwanja wa Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, na jirani yake Uwanja wa Benjamin Mkapa unaochukua watazamaji 60,000. Magomeni ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya kudai uhuru, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955. Leo ni makumbusho. Mtoto akiingia humo ataona kwamba aliyeiongoza nchi alilala katika nyumba ya mtaani, akizungukwa na majirani kama watu wengine.

Hayo yote mgeni yeyote anaweza kuyaona. Sisi tuliolelewa kule tuna wajibu mwingine, nao uko kwenye vichochoro. Sisi tulikulia Tandika.

Nani aliyekulia uswahilini asiyeijua nyumba ya Kiswahili? Korido katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uani nyuma, baraza mbele. Kila chumba kilikuwa na familia yake, lakini choo kilikuwa kimoja, kufagia uwanja kulikuwa kwa zamu, na bili ya umeme ilichangwa. Mtoto akirudi shule mama yake hajatoka sokoni, alikula kwa mpangaji aliyekuwa amepakua. Akikosea njiani, mtu mzima yeyote alimkanya, na habari ilifika nyumbani kabla yake. Mgonjwa akizidiwa usiku, milango iligongwa na nauli ya teksi kwenda Hospitali ya Temeke ikapatikana kwa mia mbili ya huyu na mia tano ya yule. Ukitokea msiba, hakuna aliyeuliza majamvi na masufuria yatatoka wapi. Ndugu wa damu walikuwa Lindi, Tabora au Kigoma, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sisemi kwamba watu wa wakati ule walikuwa malaika. Uani palikuwa na ugomvi wa maji, wa foleni ya choo, wa mtu kuiba mkaa wa mwenzake. Lakini aliyegombana na mwenzake jioni alipaswa kupita naye korido ileile asubuhi, akamwamkia. Nyumba yenyewe iliwalazimisha kupatana. Nadhani hapa ndipo tunapojidanganya tunaposema ujirani umekufa kwa sababu watu wamebadilika. Ule ujirani ulikuwa na mzazi, naye ni uhitaji. Hakuna aliyeweza kuishi peke yake, kwa hiyo hakuna aliyejaribu.

Likizo tulipowapeleka watoto Tandika, nyumba yetu haikuwepo. Mwenye nyumba alishafariki, warithi wakauza, na mnunuzi akajenga fremu za maduka. Watoto walitazama wasione cha kutazama. Ng'ambo ya kichochoro, hata hivyo, alikuwepo bibi aliyekuwa akikaanga vitumbua vya asubuhi, ambavyo wengi wetu tulikula kwa mkopo uliosahauliwa kwa makusudi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha akamkazia macho binti yangu mkubwa na kusema, "Huyu ni bibi yake mtupu!" Hakuwa amemwona marehemu mama yangu kwa miaka mingi, lakini sura yake aliitambua kwa mjukuu ambaye hakuwa amewahi kumwona. Tulimpelekea zabibu na ubuyu wa Dodoma, na mchele. Yeye naye alimtuma kijana dukani alete soda, akakataa kabisa kusikia kwamba hatuna kiu. Wanangu, ambao darajani walitaka picha tu, walimuuliza maswali mpaka tukakumbushwa kuwa jua linazama.

Kumkuta mtu kama yule ni bahati inayopungua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Mji unaokua kwa kasi hiyo huuza viwanja vyake, hubomoa na hujenga juu. Magomeni Kota, nyumba za zamani zilibomolewa na kaya 644 zikatawanyika, hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022 ili zirejee. Wengi wa majirani wa mji huu hawana ahadi ya kurejeshwa pamoja. Wakishatawanyika, wametawanyika.

Basi deni letu la malezi yale tutamlipa nani, ikiwa wadai wetu wamezikwa au hawajulikani walipo? Jibu nililorudi nalo ni kwamba waliobaki tuwasalimie wakiwa hai, na sehemu iliyobaki ya deni tuilipe kule tunakoishi sasa. Dodoma tumejenga nyumba za uzio na geti. Kila mtu ana bomba lake, mita yake ya LUKU, friji lake. Jirani tunamfahamu kwa rangi ya gari. Uhitaji uliotulazimisha kupendana Tandika haupo tena, na ni jambo la kushukuru, kwa maana hakuna anayetamani kurudi kwenye foleni ya choo. Lakini walichofanya wale kwa kubanwa, sisi tunapaswa kukifanya kwa hiari. Na tusipokifanya, watoto wetu watakua wakiamini kwamba wema wa jirani ni hadithi ya watu maskini.

Ndugu msomaji, ukipanga safari ya kuwarudisha watoto mji uliokulea, wapeleke baharini na kwenye makumbusho, kisha tenga siku nzima ya mtaani. Beba sukari au mchele, waambie watoto waamkie, waache wasikie unavyoitwa kwa jina la utotoni. Ukirudi nyumbani kwako, gonga geti la jirani ambaye hujawahi kuingia kwake, ujitambulishe. Kusubiri msiba ndipo mjuane ni kuchelewa.