Pumziko la Wawili

Masomo: 2 Mose 20,8-11 na Yohana 21,9-13



Amri ya tatu twaijua tangu utoto wetu, maana tuliikariri darasani kabla ya kipaimara. Lakini mara nyingi twaishika kama amri ya kwenda kanisani tu, tukasahau ya kuwa ni amri ya kupumzika na ya kupumzisha wengine. Mungu hakusema na mwenye nyumba juu ya nafsi yake peke yake. Aliwahesabu waliomo nyumbani mwake mmoja mmoja: mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, mnyama wa kazi, hata mgeni. Wote hao wapate kupumzika. Basi mtu asomaye kwa uangalifu ataona jambo moja la ajabu: mke hakutajwa. Mtumishi ametajwa, mnyama ametajwa, lakini mke hayumo katika hesabu ile. Kwa nini? Neno hili twataka kulitafakari mwezi huu, na kulielekeza kwa wazee wetu waliostaafu, kwa kuwa katika nyumba zao laonekana wazi kuliko penginepo.

Mtumishi wa serikali katika nchi yetu aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifikia 60, kwa kawaida hana budi kustaafu. Siku hiyo hupewa barua, husemwa maneno mazuri juu yake, naye hurudi nyumbani akimshukuru Mungu. Hayo ni ya haki. Lakini mkewe aliyelima shamba miaka hiyo yote, akateka maji, akapika, akalea watoto na sasa alea wajukuu, ni nani aliyemwandikia barua yake? Jembe halina miaka 60, wala chungu hakina kiinua mgongo. Hata mke aliyekuwa na kazi ya mshahara, akiisha kuiacha hiyo, huikuta ile nyingine ikimngojea mlangoni.

Na tutwae mfano. Hatusemi habari za watu fulani. Twasema habari za wengi kwa kuwatazama wawili. Mzee mmoja na mkewe wakaa Mpanda. Mzee amestaafu, na moyo wake watamani kuliona ziwa. Asema, “Mama, mwisho wa juma hili tushuke Ikola, tukapumzike kwa mdogo wako.” Mke afurahi. Ijumaa aamka kabla ya jogoo kuwika. Apika chakula cha njiani, ajaza maji mitungi, awapa kuku chakula, amwachia mjukuu maagizo, afunga mizigo. Mzee amekwisha kuvaa kofia yake, asimama uani na fimbo mkononi, auliza, “Bado tu?”

Safari yenyewe si fupi, maana toka Mpanda hata Ikola ni zaidi ya kilometa 100 za kushuka bondeni mwa ziwa. Wakifika, wapokelewa kwa shangwe. Mzee atandikiwa mkeka chini ya mwembe, wanaume wenziwe waja kumwamkia, nao wazungumza habari za zamani na za mvua. Mke aingia jikoni kumsaidia nduguye, kwa sababu haifai mwanamke mgeni aketi huku mwenyeji akihangaika peke yake. Awapara migebuka, aanua dagaa, apepea moto. Jumamosi jioni jua latua ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na maji yote yageuka rangi ya dhahabu. Mzee asema, “Hakika Mungu ametupa pumziko.” Yule aambiwaye hayo hayupo karibu, yuko nyuma ya nyumba, asugua masufuria.

Jumapili wasali. Jumatatu warudi. Mzee ajinyosha kitandani, maana safari imemchosha. Mke akuta mitungi mitupu, nguo chafu za siku tatu, kuku mmoja amepotea, na wajukuu wamelia njaa. Basi, ndugu, twauliza: ni nani aliyepumzika katika safari ile? Mmoja alibadili kiti, na mwingine alibadili jiko.

Hatusemi haya ili kuikemea safari. Safari ile ni njema. Yafaa wazee watoke, waone ndugu zao wangali hai, waketi mbele ya kazi za Mungu na kumsifu. Tena yule mzee si mtu mbaya: ampenda mkewe, hakumpiga wala kumtukana hata mara moja. Kosa lake ni kwamba hakuona. Na nyumba nyingi za Kikristo zachoka si kwa ubaya wa mtu, bali kwa kutokuona kwake.

Ziwa lenyewe lililokuwa mbele ya macho yake lingaliweza kumfundisha. Ziwa Tanganyika lina kina kipitacho mita 1,400. Hapana ziwa jingine katika Afrika lenye kina kama hicho. Mtu angedhani kitu kikubwa hivyo hakiwezi kuchoka. Lakini wavuvi waliona samaki wakipungua. Kwa hiyo katika mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, uvuvi ulifungwa ili samaki wapate kuzaliana. Mwambao wa Ikola, ambako usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa huonekana majini kama mji, nao ulikuwa chini ya amri hiyo. Na angalieni jambo hili: ziwa ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tanzania ikipumzika na ng'ambo wakaendelea kuvua, ziwa halikupumzika. Samaki hawajui mpaka. Ilikuwa lazima watu wapatane, kwa sababu maji ni yale yale.

Nyumba ya mume na mke ni kama ziwa hilo. Ina ng'ambo mbili na maji mamoja. Upande mmoja ukipumzika huku mwingine wavuliwa usiku na mchana, pumziko halikuingia katika nyumba ile, hata kama mzee alala usingizi mzuri. Na ikiwa ziwa lenye kina kama hicho lilihitaji kupumzishwa, je, mama wa miaka 60 na zaidi, mwenye magoti yaumayo, yeye hana haja?

Sasa turudi kwenye amri. Kwa nini mke hakutajwa? Moyo wa mwanadamu ni mdanganyifu, na mtu aweza kusema, “Tazama, wote wamepewa pumziko isipokuwa mke, basi na afanye kazi.” Lakini Maandiko hufasiriwa kwa Maandiko. Katika 1 Mose 2,24 imekwisha kuandikwa juu ya mume na mke ya kuwa hao watakuwa mwili mmoja. Kwa hiyo amri inaposema “wewe”, imekwisha kuwataja wote wawili. Mke hakuhesabiwa pamoja na watumishi wala wageni, kwa kuwa amesimama pamoja na mumewe pale pale amri inapoanzia. Mume ajipumzishaye nafsi yake na kumwacha mkewe kazini ameipumzisha nusu ya mwili tu. Tena katika 5 Mose 5 sababu ya Sabato yatolewa: Waisraeli wakumbuke ya kuwa walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Mtu aliyetolewa utumwani haimpasi kujijengea Misri ndogo nyumbani mwake, yeye akawa Farao chini ya mwembe.

Labda mtu atasema, “Mkristo hastaafu kamwe. Tazameni watakatifu wa zamani, walifanya kazi hata kufa.” Neno hili lina kweli yake. Karema, jirani na Ikola, alikuwako mtu aliyeitwa Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari wa Kanisa Katoliki, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema katika mwaka 1889, akawatibu wagonjwa wa mwambao ule hata uzee wake mkubwa. Alifariki katika mwaka 1956. Mtu wa namna hii ni baraka kwa nchi. Lakini ndugu, tufahamu tofauti. Yeye aliyekuwa mtumwa akageuka akawa mtumishi wa wengine kwa hiari na kwa upendo. Kustaafu ni kuiacha kazi ya mshahara. Hakuna kustaafu katika upendo. Kwa hiyo mzee aliyestaafu hakuondolewa katika utumishi, bali amehamishwa: jana alitumika ofisini, leo kituo chake cha kazi ni nyumbani.

Wahenga wetu walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Mzee aliyerudi nyumbani baada ya miaka thelathini ya ofisi ni kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Siku mbili na apumzike. Siku ya tatu na aulize jembe liko wapi. Ajifunze kuchota maji, kufagia uwanja, kumwogesha mjukuu, kuchemsha chai na kumpelekea mkewe kitandani walau mara moja kwa juma. Wala fedha za kiinua mgongo asizifiche, kwa maana hakuzichuma peke yake: kila asubuhi alipotoka na shati safi, mikono miwili ilikuwa imeifua. Na waketi pamoja kuamua zitumike kwa nini.

Nanyi mama zetu, tuna neno kwenu. Mzee akiingia jikoni, msimfukuze kwa kumcheka mbele ya majirani. Msiseme, “Mwanamume hakai mekoni,” kisha mkalalamika ya kuwa hamsaidiwi. Akiunguza uji, mfundisheni kwa upole, kama mlivyowafundisha binti zenu.

Nanyi watoto mlio mbali, Dar es Salaam au Mwanza, mwapenda kumpelekea bibi wajukuu watatu, wanne, mkisema, “Bibi hana kazi.” Je, mmepata kumwuliza? Mkiwapeleka watoto, pelekeni na msaada. Na sisi sharika tujihoji pia: katika kila msiba na kila sikukuu, ni akina nani wapikao tangu alfajiri hata usiku, na ni nani aliyekumbuka kuwaambia, “Leo ketini, sisi twaandaa”?

Mwisho, tumtazame Bwana wetu. Mwinjilisti Yohana asimulia ya kuwa baada ya kufufuka, wanafunzi walikesha ziwani usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka, walipofika pwani, walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Ni nani aliyeuwasha moto ule? Ni Bwana aliyeshinda mauti. Mikono yenye kovu za misumari ilishika makaa na samaki, ikawaandalia watu waliochoka, akawaita waje wale. Kila mtu wa mwambao wa Ikola aweza kuiona picha hiyo machoni pake: moshi wa asubuhi, mchanga uliolowa, mitumbwi yarudi, na mmoja awangojeaye wenziwe na chakula tayari. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona aibu kupika, mwanamume gani kati yetu atadai heshima kubwa kuliko hiyo? Yeye hakuwapa wanafunzi hotuba juu ya pumziko. Aliwafanyia kazi, nao wakapumzika.

Basi wazee wetu, fungeni safari, mshuke ziwani, mshangilie matendo ya Mungu. Lakini jioni jua likitua, atakayekwenda kuosha vyombo asiwe yule yule wa jana. Na mkirudi nyumbani, hapo ndipo itakapojulikana kama mlipumzika, wakati mtungi mtupu utakapoonwa na macho manne, na kuchukuliwa na yeyote aliye karibu nao.

Tuombe: Bwana Mungu wetu, uliyepumzika siku ya saba na kuibariki, tufumbue macho tumwone aliyechoka karibu nasi. Wape wazee wetu uzee wenye amani, wawili wawili, pumziko moja. Nao waliobaki wajane na wagane, uwe wewe mwenzao, na sisi tuwe mikono yako kwao. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.