Kikombe cha Chai Mvua Zianzapo

Katika nchi za Ulaya watu hufurahia majira ya kuchipua, baridi kali ikiisha. Sisi wa Masumbwe, wilayani Mbogwe, hatuna theluji. Mwaka wetu hugeuka mvua za kwanza zinyeshapo, mwezi wa Oktoba au Novemba. Tena miyombo yetu haingoji hata mvua: hutoa majani mapya mapema, mengine mekundu, kwa akiba iliyomo shinani na mizizini.

Basi, asubuhi ile vumbi limetulia na udongo wanukia, mtu huketi barazani na kikombe cha chai ya moto, akanyamaza. Wako wasemao, Huo ni uvivu, jembe lamngoja. Wengine hujibu, Mtu si jembe. Yafaa tulipime neno hili.

Kwanza, kupumzika si uvivu. Mkulima ajua ya kuwa mvua ya kwanza yaweza kudanganya: mahindi huota, jua likarudi, yakakauka. Atuliaye kidogo na kuutazama udongo huona asiyoyaona mwenye kukimbia. Naye mchimba dhahabu ashindaye shimoni juma zima, asipopumzika, mkono wake hukosea, na kosa moja shimoni laweza kuua watu.

Lakini liko swali la pili, nalo ni zito zaidi: utulivu huo umelipiwa na nani? Majani ya chai yalilimwa na watu wa mbali, huko Mufindi, Rungwe au Usambara. Hao wana ujira wao. Bali maji yalitoka kisimani juu ya kichwa cha mama au binti, aliyeamka kabla jogoo hajawika. Kuni zimelowa, yeye ndiye aliyepuliza moto, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Akiisha kukupa kikombe, hashiki chake, hushika jembe. Hapo nyumba haikupumzika. Uchovu umehamishwa tu, toka mgongo mmoja hata mgongo mwingine.

Labda mtu atasema, Ndiyo desturi yetu, naye halalamiki. Lakini kunyamaza kwa aliyechoka si ushuhuda wa kuridhika. Mwingine atasema, Kazi za asubuhi ni nyingi, siziwezi. Basi na ajue ya kuwa ni nyingi vivyo hivyo kwa yule azifanyaye kila siku.

Je, tuache kunywa chai? Hasha. Baba na achote maji, kijana na apasue kuni jioni na kuziweka pasipo mvua, mama naye aketi. Chai itachelewa kidogo, na shamba litangoja kidogo. Bali wote watainywa. Wewe msomaji, kesho asubuhi, kabla hujaketi, hesabu vikombe vilivyomo mezani, kisha hesabu watu wa nyumba yako.