Shakespeare ni wa wote, ila maneno ni ya nani?



Likizo hii nilikuwa nyumbani Kifaru, nikawasaidia wanafunzi wa sekondari kuandaa igizo. Tulichagua Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya 1969 ya Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Kiingilio shilingi 1,000, fedha za madawati. Zikiwa zimebaki siku tisa, mwalimu wao wa Kiswahili akaniuliza, "Frateri, ruhusa mmeomba?"

Nikamjibu kwa kujiamini (shahada ya falsafa hiyo!) kwamba Shakespeare alifariki 1616, kazi zake ni za wote. Akacheka. "Sawa. Na hayo maneno wanayokariri watoto, aliyatunga Shakespeare?"

Nilikwama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyotungwa 1999, mwaka uleule aliofariki Nyerere, inailinda tafsiri kama kazi yenyewe: maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu, ni hadi 2049.

Wanafunzi walibisha, tena kwa hoja nzuri. "Frateri, mtu akiiba kuku, mwenyewe anabaki bila kuku. Sisi tukiigiza, kitabu kinapungua nini?" Mwingine akadakia: "Kutudai ruhusa sisi maskini, huyo si ndiye Shylock mwenyewe?"

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu aliye katika shida ya kufa na kupona, akichukua cha mwenzake, hajaiba. Lakini jamani, madawati si kufa na kupona. Na kuhusu kuku: kwetu hata mlango ukiwa wazi, hata kama hufuati kitu ndani, unapiga hodi. Anayeingia kimya hajabeba chochote, ila amemfanya mwenye nyumba kama hayupo. Shylock naye alikosa huruma, kweli. Ila huruma ni ya mwenye haki kuitoa. Siwezi kujigawia mwenyewe huruma ya mtu mwingine.

Basi tukawaandikia wachapishaji. Siku tisa ni chache, wala hawakuwa na deni la kutujibu mbio mbio. Kwa kuwa kisa chenyewe kiko huru, wanafunzi wakakiigiza kwa maneno yao: Venisi ikawa mnadani, deni likawa la bodaboda. Watu walicheka sana.

Ila binti aliyekuwa Portia alikuwa amekariri kurasa zake zote, wiki tano nzima. Nilipomwambia hatayasema, alikwenda nyuma ya darasa akalia. Hili nimelipeleka mbele ya Ekaristi mara kadhaa. Mwandishi alipata haki yake, lakini uzembe wangu wa kutouliza mapema aliulipia yeye.

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Hamna shida, Frateri," kwa ile sauti ambayo sote tunajua kwamba shida ipo.