Karamu Inayokuja Sahani kwa Sahani

Teppanyaki ni upishi wa Kijapani unaofanyika juu ya bamba nene la chuma, mbele ya macho ya mlaji. Wageni hukaa kuzunguka bamba hilo, mpishi husimama upande wake, na chakula hutolewa kwa awamu: kimoja kikishaliwa ndipo kingine hupikwa. Mkazi wa Wadi Kabir, mtaa wa Maskati, Oman, unaojulikana kwa soko la Ijumaa la magari yaliyotumika, hakuhitaji kupanda ndege ili aone meza ya namna hiyo. Jirani tu, Ruwi, Hoteli ya Al Falaj ilikuwa na mkahawa wa Kijapani ulioitwa Tokyo Taro. Hata hivyo wengi hukutana na upishi huu wakiwa safarini, na huenda ndiko unakofaa zaidi, kwa kuwa unataka mtu asiye na pa kukimbilia.

Si upishi wa kale, ingawa wageni wengi huudhania hivyo. Mkahawa wa Misono mjini Kobe, ulioanza mwaka 1945, ndio unaojitaja kuwa wa kwanza kupika nyama ya ng'ombe kwa njia hii, juu ya bamba ambalo Wajapani walikwisha kulizoea kwa okonomiyaki, kile chakula chao cha unga, kabichi na mayai. Walioupenda mwanzoni walikuwa wageni, wakiwemo askari wa Kimarekani waliobaki Japani baada ya vita. Mwaka 1964 Rocky Aoki alifungua Benihana mjini New York, akaongeza vichekesho: kamba wa baharini hurushwa hewani, na vipande vya kitunguu hupangwa vikafuka kama volkano.

Kobe yenyewe ina udugu na Oman ambao wachache huukumbuka. Sultani Taimur bin Faisal, babu yake Sultani Qaboos, aliachia kiti mwaka 1932, akaishi Kobe na mwaka 1936 akamwoa Kiyoko Oyama. Binti yao, Buthaina, alizaliwa mwaka uliofuata.

Siri ya upishi huu imo katika unene wa chuma. Bamba jembamba hupoa mara nyama baridi ikiliangukia, na nyama huanza kutoa maji na kujichemsha yenyewe. Bamba nene limeshika joto, kwa hiyo uso wa nyama hupita upesi nyuzi joto 140, kiwango ambacho rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa huanza kujitokeza. Katikati joto ni kali, pembeni ni vuguvugu, na kazi kubwa ya mpishi ni kuhamisha vitu kwa miko yake bapa. Hapo ndipo teppanyaki inapoachana na mishkaki. Mafuta ya mishkaki hudondokea makaa, na moshi unaopanda huipa nyama nusu ya utamu wake. Juu ya bamba hakuna moshi wa kufunika kitu: nyama duni itaonekana duni.

Mlo huanza na kitu chepesi, saladi yenye ufuta au supu. Hufuata vya baharini: kamba, ngisi, na kwenye meza za gharama, konokono wa baharini ambaye Waomani humwita sufailah. Huyu huvuliwa Dhofar kwa msimu mfupi sana, na sehemu kubwa huuzwa Asia ya Mashariki, kwa hiyo msafiri wa Kiomani aweza kulipa bei ya ajabu kwa kiumbe aliyetoka pwani ya kwao. Kisha mboga: uyoga, biringani, choroko zilizochipua. Ndipo nyama inapofika, na mgeni huulizwa iive kiasi gani. Mtu wa pwani hujibu iive kabisa, na mpishi hutii, japo nyama ya Kobe, yenye mafuta yaliyotambaa ndani yake kama nyuzi, ikikaa sana hubaki kavu na pesa zimekwenda.

Wali huja mwisho. Hukaangwa na kitunguu saumu, aghalabu kwa mafuta ya nyama iliyotangulia, ukaletwa na achari na supu ya miso. Kwa aliyelelewa na sinia, jambo hili ni gumu kuliko vijiti vya kulia. Sinia la Maskati, kama la Unguja, hutua mara moja: wali chini, nyama juu, mikono kote, na ukarimu hupimwa kwa kilichobaki. Shuwa, nyama ya Idi ya Waomani, hata haionwi ikipikwa. Hufukiwa ndani ya shimo la moto siku nzima au mbili. Kwenye bamba ukarimu ni wa wakati. Mwenyeji hampi mgeni kingi, humpa kila kitu katika dakika yake, na mgeni hulipa kwa kungoja. Anayejaza tumbo kwa kamba atautazama wali kwa majuto.

Mwislamu ana la kuuliza kabla ya kuagiza. Mbali na uchinjaji, michuzi mingi ya Kijapani hutiwa mirin au sake, vyote vyenye kileo, na bamba moja huweza kupikiwa nguruwe wa mteja mwingine. Katika jiko lililofungwa mtu huambulia neno la mhudumu tu. Hapa chupa iko wazi mkononi mwa mpishi, na mkono huo unaweza kusimamishwa kabla haujamimina.