Mkono Mtupu

Mwenye kuzoea karate maisha yake yote hujifunza nini hasa: kupiga, au kuuzuia mkono? Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake mkono mtupu. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule. Akawakataza wanafunzi wake kuanza ugomvi. Kwetu Masisi na Walikale, ambako tangu vita vya 1993 vijana wengi wameona bunduki ndiyo yenye kuheshimiwa, fundisho hilo ni zito. Lakini twauliza: huyo mwenye mkanda mweusi, akirudi nyumbani akakuta ugali haujapikwa, mkono wake hufanya nini? Mkewe ajua. Watoto wajua. Hata wale anaowafundisha watajua tu, kwani jirani husikia.